Haki ya Mama Baada ya Kufa Kwake

Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo: liko swali ambalo watu wengi hulipita bila ya kulifikiri. Mtu aliyefiwa na mama yake, je, deni alilo nalo kwake limekwisha, au lingaliko?

Wengi hudhani ya kuwa deni hilo huishia kaburini. Husomwa khitima, wakalia, wakatawanyika. Na baada ya hapo marehemu husifiwa barazani. Sifa ni njema, lakini hazimfai aliye chini ya mchanga illa zikigeuka dua na vitendo.

Na itazamwe khabari ya Mwanza. Meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya pili yake ikapinduka na kuzama katika Ziwa Viktoria, nayo imekwisha kuikaribia bandari ya Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi walizikwa kwa pamoja huko Igoma bila ya kutambulikana, na wengine maji hayakuwarudisha. Basi mtoto ambaye mama yake alikuwamo, wala hajui alilala wapi, asimame wapi amzuru?

Lau kama haki ya mama ingefungwa na kaburi, mtoto huyo angalinyang'anywa mama yake mara mbili. Lakini sheria haikuifunga huko. Saad bin Ubada alifiwa na mama yake naye hayupo. Aliporudi alimwuliza Mtume kama sadaka itamfaa. Akaambiwa itamfaa, naye akaitoa bustani yake kwa ajili ya mama yake. Hakusimama penye kifo chake, na juu ya hayo alimfikia. Na aliyekufa maji, Mtume amemhesabu katika mashahidi. Hiyo ni faraja kubwa kwa waliofiwa na Waislamu ziwani.

Wala deni lenyewe si dogo. Qurani imetaja miezi 30 ya kuchukua mimba na kunyonyesha, na hiyo ni mianzo tu. Huko Mwaloni, Kirumba, wako wanawake ambao riziki yao ni dagaa. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, na kukicha mama huwaanika juani. Mvua ikitanda, hukimbia kuwaanua kabla hawajaharibika, kwani ndani ya dagaa hao mna chakula cha nyumba na karo ya watoto. Kisha mtoto akisoma, akapata cheo na kanzu nzuri ya Ijumaa, pengine huionea haya harufu ya dagaa iliyo katika nguo za mama yake! Harufu hiyo ndiyo iliyomsomesha.

Mtu akisema, "Mimi humwombea dua, yatosha," na aambiwe: dua ni jambo kubwa, lakini haiondoi yaliyobaki. Mwanamke mmoja alimwuliza Mtume juu ya mama yake aliyeweka nadhiri ya kuhiji akafa kabla ya kuitimiza. Mtume akamwamuru amhijie, akaifananisha nadhiri hiyo na deni ambalo mtoto angelilipa. Basi na aulizwe sokoni: nani alimkopesha mama? Na alipwe kabla ya urithi kugawanywa. Yuko wapi shoga yake aliyekuwa akianika naye? Na atazamwe. Ndugu zake ni nani? Na waungwe. Anayefanya hayo humkumbuka mama yake hata kama hana kaburi la kulizuru. Na asiyeyafanya amemsahau, ijapokuwa amelijengea kaburi lake kwa mawe.

Na ambaye mama yake yu hai, asingojee matanga. Mwenyezi Mungu awarehemu mama waliotangulia, waliozikwa nchi kavu na waliobaki majini, na awajaalie watoto wao kuwa wema. Amin.