Mgeni Aingiapo Levuka



Afikaye leo Levuka, katika kisiwa cha Ovalau nchini Fiji, hukuta mji mtulivu: safu ya maduka ya mbao yakitazama bahari, na mlima mkali nyuma yake. Mlima huo ndio uliounyima mji nafasi, hata makao makuu yakahamia Suva mwaka 1882. Ni mahali pa kupumzika, wala kupumzika si dhambi.

Lakini mgeni haji mikono mitupu, hata akidhani hivyo. Januari 1875 chifu mkuu Cakobau alirudi kutoka ziarani Sydney pamoja na wanawe, na surua ikaja nao katika manowari ya Kiingereza. Hawakutengwa. Machifu wakaja kumlaki, kisha wakarudi makwao. Wakafa watu wapatao 40,000. Hapana aliyekusudia mabaya.

Bwana wetu, katika Luka 10, aliwaagiza wale sabini waanze kwa kuitakia amani nyumba waingiayo. Sisi tukitoka ziarani husimulia chai na vitanda tulivyopewa. Wenyeji nao husimulia tulichowaachia. Mwaka 1879 merikebu Leonidas ilifika Levuka na vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi, ndani yake mna ndui na kipindupindu. Safari hiyo wageni walingojeshwa katika kisiwa kidogo mpaka ugonjwa ukakoma.