Ukumbi Wenye Jina la Mtu

Pius Msekwa alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1994 hadi 2005. Ndani ya uzio wa Bunge, Dodoma, upo ukumbi wenye jina lake; wabunge hufanyia humo semina. Sawa, anastahili. Lakini kumbukumbu inayolindwa getini inamkumbusha nani?

Nenda Nyerere Square. Sanamu ya Mwalimu imesimama, watu wanapiga soga, hakuna anayehutubia (afadhali). Ukisema "tukutane Nyerere Square" umeshalitaja jina bila hata kumfikiria mwenyewe, na nadhani ndivyo marehemu anavyobaki kati yetu: kwa kutajwa njiani, tukienda kwenye mambo yetu.

Basi siku Bunge halikai, ukumbi ule ufunguliwe. Watu wa Dodoma wana harusi, wana vikao vya misiba.