Je, Kuandika Wosia ni Kukosa Imani?

Somo: 2 Wafalme 20 na 21, Yeremia 32:6-15, Luka 12:13-15

Wale mlikuwa ibada ya pili mnajua sikumaliza huu ujumbe, saa zilienda. Wengine mlinifuata pale nje na maswali, na mama mmoja akaniambia waziwazi, "Pasta, leo umetuhubiria kifo." Kwa hivyo nimeandika yote hapa, pamoja na ile sehemu sikupata ujasiri wa kuisema madhabahuni.

Nianze na hiyo sehemu.

Miaka michache iliyopita nilienda kumwombea ndugu mmoja hospitalini. Sitataja jina wala mahali, maana familia bado inaumia. Alikuwa mtu wa bidii. Alinunua ploti yake kidogo kidogo, shea kwa shea, kutoka kwa kampuni ya kununua ardhi, vile wengi wetu huku Eastlands tumefanya. Taito haikuwa imetoka; alikuwa na cheti cha shea na risiti. Akajenga vyumba kadhaa vya kupangisha. Nilipofika kando ya kitanda, kabla hata sijafungua chupa ya mafuta, akanishika mkono. "Pasta, kaa kwanza. Nataka nikwambie vile mama watoto atabaki."

Nikamkata. "Mzee, usikiri hayo maneno. Wewe hufi. Utatoka hapa ukitembea." Nikamwekea mikono, nikakemea roho ya mauti, nikatangaza uzima. Yeye akanyamaza. Sasa naelewa alinyamaza kwa heshima tu. Hakutaka kumvunja moyo kijana wa Mungu aliyetoka mbali kuja kumwombea. Wiki haikuisha, akalala.

Kabla mwezi kwisha, wapangaji walishaambiwa kodi isipelekwe tena kwa mama. Cheti cha shea hakikuonekana. Yule mama akaja kwangu akauliza swali moja: "Pasta, wewe ulikuwa naye mwisho. Alisema nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikumwacha aseme.

Hapo ndipo swali la leo limetoka. Ile siku, mimi niliita ile kitu imani. Ilikuwa imani kweli?

Hezekia na ile miaka kumi na mitano

Tunapenda hadithi ya Hezekia. Anaugua, Isaya anamletea ujumbe kwamba aweke nyumba yake sawa kwa maana atakufa, anageukia ukuta, anaomba, analia, anaongezewa miaka 15. Hapo tunapiga makofi na mahubiri yanaisha. Lakini endelea kusoma. Ujumbe ulikuwa na mambo mawili: kufa, na kupanga nyumba. Mungu aliahirisha la kwanza. Hakuna mahali nimesoma kwamba alifuta la pili.

Sasa angalia vile hiyo miaka 15 ilitumika. Wageni wa Babeli wanakuja, naye anawatembeza ghala zote, dhahabu, fedha, manukato, kila kitu. Isaya anamwambia siku zinakuja ambapo vyote vitabebwa, na wanawe mwenyewe watachukuliwa. Na Hezekia anajibu nini? Kwa maneno yangu: sawa, bora siku zangu mimi ziwe na amani. Halafu fungua sura inayofuata. Manase alianza kutawala akiwa na miaka 12. Piga hesabu. Huyo mtoto alizaliwa ndani ya ile nyongeza, baada ya uponyaji, na ndiye aliyebomoa karibu kila kitu baba yake alijenga.

Sisemi Hezekia hakuwa na imani. Alikuwa nayo, tena kubwa. Lakini unaweza kuwa na imani kubwa kwa maisha yako na usiwe na mzigo wowote kwa siku ambazo wewe hautakuwepo. Na hilo ndilo swali gumu, wapendwa: je, ninawajibika kwa siku ambazo sitakuwepo?

Kuna mtu atasema, "Nikishakufa, hayo ni mambo ya walio hai." Lakini Bwana wetu akiwa msalabani, katika maumivu yale, alifikiria mama yake atakaa kwa nani. Alimkabidhi kwa mwanafunzi, kwa maneno ya wazi, watu wakisikia. Hakusema Mungu atajua. Na ni nani alikuwa na haki ya kusema Mungu atajua kumshinda yeye?

Kwa hivyo nimefikia hapa: kukataa kupanga hakuondoi hofu ya kifo. Kunaihamisha tu. Wewe unaishi bila kuifikiria, halafu mjane wako anaibeba yote kwa siku moja, akiwa na nguo za msiba, na mochari inataka kulipwa.

Sheria inasema nini

Wengi hawajui sheria yetu iko wazi kiasi gani. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inasema mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia. Anatia sahihi, mashahidi wawili au zaidi wanatia sahihi. Shahidi akiwa pia ni mrithi, kile alichoandikiwa kinaweza kuanguka, labda kuwe na mashahidi wengine wawili wasiorithi kitu. Kwa hivyo usimwite bibi yako na kifungua mimba wako washuhudie wosia unaowapa nyumba. Hapo unawanyima ukifikiri unawapa.

Na kuna hii, ambayo niliposoma nilikaa kitini muda mrefu. Wosia wa mdomo unakubalika ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, na mwenyewe akafariki ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu. Yule ndugu hakumaliza wiki. Kama ningenyamaza, nikamwita mtu mmoja asiye wa ile familia asikie pamoja nami, maneno yake yangeweza kusimama kortini. Nilikuja na mafuta, na ilitakiwa nije na masikio pia.

Usipoacha wosia, sheria itakugawia. Kama uliacha mke mmoja na watoto, mke anapata vyombo na vitu vya nyumbani, na mali inayobaki anaitumia maisha yake yote, lakini ardhi hawezi kuiuza bila ruhusa ya korti. Baada yake wanagawana watoto, na sheria haisemi mvulana wala msichana, aliyeolewa wala asiyeolewa. Binti za Selofehadi walilidai hilo kwa Musa katika Hesabu 27, na Mungu akasema wana haki. Kama kulikuwa na nyumba mbili, hesabu inaangalia idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane anahesabiwa juu yao.

Lakini kufika huko ni safari. Cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, maombi kortini, tangazo kwenye Gazeti la Serikali na siku 30 za kungoja mwenye pingamizi, halafu kwa kawaida miezi sita kabla korti ithibitishe mgao. Hiyo ni kama hakuna anayepinga. Akipinga mtu, ngoja. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri, alifariki mwaka wa 1981, na kesi ya mali yake iliendelea kwa zaidi ya miaka 30. Watoto walizeeka wakienda kortini.

Na kabla korti haijampa mtu mamlaka, hakuna anayeruhusiwa kugusa mali ya marehemu. Si kaka, si shangazi, si mtoto mkubwa. Kuingilia hivyo ni kosa la jinai: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wale walienda kwa wapangaji kuchukua kodi hawakujua. Sisi kanisa pia hatukujua, ndiyo maana hatukusema kitu.

Hata aliyejua sheria

Wazee wangu mnakumbuka kesi ya S.M. Otieno. Alikuwa wakili, tena wa kusifika. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mke wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema azikwe nyumbani, Siaya. Mama alikuwa na maneno ya mumewe, lakini maandishi hakuwa nayo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufaa, nchi nzima ikifuata kwenye magazeti. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baadaye, na mjane hakuwa pale kaburini.

Siwezi kusema karatasi ingemaliza yote. Mambo ya mwili na mila ni mazito. Lakini angalia ni nani huyo. Si mtu asiyejua. Kujua sheria hakukumsaidia mjane wake, kwa sababu kujua si kuandika. Ndiyo maana siwaogopeshi wale hamkusoma. Tatizo hili halina digrii. Mimi niliyesomea biashara, niliyefundishwa kuandika mali upande mmoja na madeni upande wa pili, nimeandika wosia wangu mwaka huu tu, baada ya hayo yote.

Kwa nini wakili, si pasta?

Sheria hailazimishi mtu kuwa na loya ili kuandika wosia. Kwa hivyo wengine mmeniuliza, "Si wewe utuandikie tu?" Hapana. Luka 12, kuna mtu alimwendea Yesu akitaka amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu alikataa kuwa mgawaji, akageuka akaonya watu kuhusu uchoyo. Kama Bwana alikaa mbali na hicho kiti, mimi ni nani? Halafu tuseme ukweli: pasta akiandika wosia, na kanisa liwe limeandikiwa kitu ndani yake, nani ataamini? Hata kama ni moyo wako safi wa kumtolea Mungu, wacha wakili asiye wa kanisa hili aandike, nami nisiwe shahidi.

Yeremia alikuwa nabii. Alinunua shamba akiwa kizuizini, jeshi la Babeli limezunguka mji. Akapima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akatia muhuri hati, nakala moja imefungwa na nyingine wazi, Baruku akaziweka kwenye chombo cha udongo zidumu. Huyo ndiye alikuwa na neno la Mungu mdomoni, na bado alitaka karatasi. Karatasi yake ndiyo ilikuwa imani yake: kwamba kuna watu watakaoishi baada ya hii shida.

Ukienda kwa wakili, fanya haya. Jina lake litafute kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, uone kama ana cheti cha kazi cha mwaka huu. Uliza ada mwanzoni, iandikwe. Beba orodha ya mali yote, na madeni yote, hata ya chama. Chagua msimamizi wa wosia anayeaminika, na umwulize kama atakubali. Mwambie mtu mmoja nakala iko wapi. Kama huna uwezo, kuna Kituo cha Sheria, na kwa akina mama kuna FIDA, waulizeni. Tena pitia ile fomu ya Sacco. Kuna ndugu humu walimwandika mama yao wakiwa hawajaoa, na hawajabadilisha.

Lakini jambo gumu kwa wakili si ada. Ni swali atakalokuuliza: "Watoto ni wangapi?" Wengine wetu hatuogopi kifo, tunaogopa hilo swali. Yule mtoto wa huko nyuma, ambaye mama yake anajua na wewe unajua. Ukimficha sasa, atakuja siku ya mazishi, na mkeo atamjua akiwa mbele ya watu wote. Kama umemkubali au umemlea kama wako, sheria inamhesabu. Na usifikiri wosia ni fimbo ya kumchapa mtoto mkaidi. Korti ina uwezo wa kumrudishia tegemezi aliyeachwa bila kitu. Wosia mzuri unaanza na toba, halafu wino.

Kwa yule mama aliyeniambia nimehubiri kifo: Mama, nakuheshimu. Nitaendelea kuwaombea wagonjwa, na nitaendelea kuamini wataamka. Lakini kuanzia sasa, mgonjwa akinishika mkono aniambie, "Pasta, kaa kwanza," nitakaa. Nitamwita mtu wa pili. Nitamsikiliza mpaka amalize. Halafu nitafungua chupa ya mafuta.

Swali la wiki hii kwa ushirika wa nyumbani: ukilala leo usiku, mwenzako anajua karatasi ziko wapi?

Tuombe: Bwana, tupe maisha marefu, na utupe upendo unaofika mbali kuliko hayo maisha. Amina.