Kutouliza

Leo naandika habari ya chakula, ingawa ndani yake mna jambo ambalo limenikosesha raha tangu mwaka jana.

Hapa ninapoishi, bonde la San Gabriel, mashariki ya Los Angeles, Wataiwani ni wengi na migahawa yao ni mingi vilevile. Mmoja uko dakika tano kutoka kwangu. Wanauza xiaolongbao, yaani vifuko vyembamba vya unga vilivyofinywa juu, vikapikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi. Asili yake ni pande za Shanghai, lakini waliokivumisha duniani ni watu wa Taipei. Din Tai Fung, iliyoanza mwaka 1958 kama duka la mafuta ya kupikia, ilifungua tawi lake la kwanza la Marekani hapa jirani, Arcadia, mwaka 2000. Tangu hapo sisi wa bonde hili tumedeka. Kifuko kisicho na mikunjo 18 tunakitazama kwa jicho baya.

Ajabu yake ni kwamba ndani mna supu. Ukikiuma kwa pupa unaungua. Mimi ni mhandisi, na siku ya kwanza chakula kilinipoa mbele yangu nikiwaza supu imeingiaje mle bila tundu. Jibu ni jepesi. Supu ya makongoro ikilala kwenye jokofu huamka imeganda. Ngozi na mifupa ikichemka sana hutoa utomvu unaogandisha mchuzi, na ukipata joto unayeyuka tena. Basi wao huukatakata mchuzi ulioganda, huuchanganya na kitoweo, hufunga unga, na mvuke humaliza kazi. Nilifurahi kama mtoto aliyefungua redio ya baba yake.

Mwaka jana mama mdogo alikuja kututembelea kutoka Tanga. Ni mtu wa swala tano, na tangu mama afariki yeye ndiye mzazi tuliyebaki naye. Siku kumi alikuwa hali cha nje ila chai na ndizi. Nikampeleka pale, nikaagiza vifuko vya kamba. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiki ni kamba?" Nikamjibu, "Kamba, mama." Akasema bismillahi, akala vikapu viwili, akacheka kwamba watu hawa wamemtia kamba ndani ya bahasha na mchuzi wake. Sikumbuki lini nimemwona na furaha vile.

Lakini kamba hagandishi mchuzi. Hilo nalijua mimi niliyesimama kuwaeleza ninyi habari ya makongoro. Wiki moja baada ya yeye kuondoka nilirudi peke yangu, nikauliza. Kijana wa pale akanijibu bila kusita kwamba mchuzi ule ni wa ngozi ya nguruwe, hata ndani ya vifuko vya kamba. Hakuwa anaficha. Hakuna aliyemuuliza.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Mombasa, akanishauri ninyamaze. Aliyekula bila kujua hana dhambi, na kumwambia ni kumtia uchungu wa bure. Kwa upande wa mama mdogo nakubali kabisa. Swali langu ni mimi. Je, sikujua, au sikuuliza?

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, William Clifford, aliandika juu ya mwenye meli aliyekuwa na shaka na chombo chake. Badala ya kukikagua akajisemesha maneno mema mpaka shaka ikamtoka, akawaaga abiria kwa moyo mweupe. Meli ikazama. Clifford anasema ana hatia, na hata kama ingefika salama hatia ingekuwa ile ile, maana hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Katika kazi yetu hili si geni. Mwaka 1981 vijia vya juu vya hoteli moja mjini Kansas City vilianguka vikaua watu 114. Mpango wa fito za kuvining'inizia ulikuwa umebadilishwa, mabadiliko yakapitishwa bila kupigiwa hesabu upya.

Mtu atasema, tukiuliza kila kitu hatutakula kwa mtu. Ni kweli, na kwetu mgeni kukagua jungu ni tusi. Lakini mgeni anaweza kunyamaza kwa sababu aliyemleta amekwisha uliza kwa niaba yake. Mimi ndiye niliyemleta. Nami sikuuliza kwa kuwa alikuwa anakula, na nilitaka aendelee kula.

Nikampigia simu. Nilimweleza yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Wewe ulijua lini?"

"Niliuliza wiki moja baada ya wewe kuondoka."

"Sikukuuliza uliuliza lini."

Nikamwambia kwamba pale pale mezani, alipotaja mchuzi, kitu kilinigonga nikakisukuma pembeni. Akasema atamuuliza shehe wake. Halafu akataka kujua kama watoto wamekwisha funga shule.