Mwandishi wa Khabari na Sitara ya Mgonjwa

Kijana mmoja wa mjini petu, ambaye kazi yake ni kuandika khabari magazetini, ametuletea suali, na kwa kuwa faida yake si yake peke yake tumeona bora tulijibu hapa. Asema kwamba katika maradhi ya korona ya mwaka 2020 alikuwa akizunguka mitaani akiandika hali ya watu. Wako waliomwambia kuwa awafichua Waislamu wenzake, na wako waliomwambia kuwa akinyamaza atashiriki katika mauti ya watu. Ataka kujua ni wepi waliosema haki.

Msomaji atakumbuka hali ilivyokuwa. Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikikaribia nusu, serikali ilitangaza kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa, mtu asiingie wala asitoke, na amri ile haikuondolewa ila tarehe 6 Juni. Idi ilitukuta ndani na misikiti imefungwa. Kila siku hisabu ya wagonjwa wapya ilisomwa pamoja na majina ya mitaa, na mtaa wetu ukawa wasikika redioni kwa jambo ambalo hakuna apendaye kutajwa kwalo. Isitoshe, hapo mwanzo aliyetiwa karantini alitakiwa kujilipia mwenyewe. Si ajabu basi kuwa watu walikimbia kupimwa na wakamfungia mlango kila aliyekuja na kalamu au kamera.

Wale waliosema afiche wana hoja yenye nguvu, na yafaa tuikubali kabla ya kuipunguza. Sharia imeharimisha kupeleleza na imeharimisha kusengenya, na imemuahidi ujira mkubwa amsitiriye Muislamu mwenziwe. Tena mgonjwa hakufanya kosa lolote. Kumpiga picha mama wa watu akitolewa nyumbani mwake na watu waliovaa mavazi ya kinga, majirani wakichungulia madirishani, ni kumuudhi asiye na hatia, na khabari haizidi ukweli hata chembe kwa uso wake kuonekana. (Na hili la picha twalisema kwa uchungu, kwani wengi waliozitawanya katika simu hawakuwa waandishi wa khabari. Walikuwa ni sisi wenyewe, jamaa na majirani.)

Lakini sitara ni haki ya mtu, wala si pazia la kufichia balaa. Alipokuwa Sayyidna Umar yuwaenda Shamu, akafika mahali paitwapo Sargh, alipata khabari kuwa huko kumeingia tauni. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na rai zikagongana. Alipokata shauri la kurejea, Abu Ubayda alimuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu. Ubishi ukikalia hapo alitokea Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwapo, akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa penye tauni mtu asipaingie, na aliyeko asitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarejea. Tazama basi ilivyofanya khabari moja ya kweli iliyoletwa na mtu mmoja muaminifu. Na tazama pia kuwa katika mashauri yale yote hapakuhitajiwa kutajwa mgonjwa hata mmoja kwa jina lake. Ilitosha kujulikana kuwa maradhi yapo na mahali yalipo.

Mpaka huu si mgeni kwa wanazuoni. Imam Nawawi amehisabu mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa lile asilolipenda, na moja katika hayo ni kuwaonya Waislamu na shari, kwa sharti kuwa lile linalokusudiwa halipatikani ila kwa kutaja. Maimamu wa Hadithi waliwataja wapokezi dhaifu, huyu ana usahaulifu na yule ni muongo, kwa sababu dini ilikuwa yategemea maneno yao. Walitaja kwa kadiri ya haja. Mwandishi wa khabari naye na ajipime kwa mizani hiyo hiyo.

Kwa hivyo twasema kuwa mgonjwa ana sitara, na mwenye madaraka adhulumuye hana. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku, watu waliokuwa wakingoja kivuko cha Likoni warudi makwao walipigwa na kutupiwa moshi wa kutoza machozi, na waliokuja kupiga picha nao hawakusalimika. Lau kama wangalizima kamera kwa kuogopa fitina, dhulma ile ingalikuwa ni neno la maskini dhidi ya neno la askari. Siku chache baadaye, tarehe 1 Aprili, Rais aliwaomba radhi wananchi kwa mabavu yaliyotumika. Hapo kufichua kulikuwa ni wajibu.

Lililo gumu zaidi ni lile la Siaya. Mwezi wa Aprili mwaka ule maiti ilizikwa usiku, mbio mbio, na picha za maziko yale zikaenea nchi nzima. Wako wasemao kuwa lau si picha wakubwa wasingalilaumiwa. Yamkini ni kweli. Nasi twaona kuwa kueleza saa ya maziko, walioyafanya, na jamaa waliozuiwa au kuharakishwa kungalitosha kumlaumu mwenye kulaumiwa. Maiti ana hishima kama aliye hai, na zaidi, kwani hawezi kusema sitaki.

Kijana wetu ameuliza jambo moja la mwisho: afanyeje akijua kuwa katika nyumba fulani mna mgonjwa aliyefichwa, na wenyewe hawataki kusema? Jawabu yetu ni kuwa aanze kwa jamaa, awanasihi kwa upole na awaeleze khatari iliyo juu ya wazee na watoto wa nyumba ile. Wakikataa, naye ana yakini si dhana, amwambie daktari, kwa kuwa daktari ndiye awezaye kuizuia dhara. Gazetini asiandike, hata kwa mafumbo, maana katika mji wenye vichochoro kama vyetu, ukisema nyumba yenye mlango wa kijani karibu na kisima, umekwisha kutaja jina.