Hukumu ya Mwenye Ghadhabu

Alhamdulillahi Rabbil-alamina, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Abu Bakra, sahaba wa Mtume, alimwandikia mwanawe aliyekuwa kadhi Sijistani, akamhadharisha asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa na ghadhabu, kwani yeye amemsikia Mtume (s.a.w.) akilikataza jambo hilo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Wala maulamaa wetu wa Kishafi hawakuishilia penye ghadhabu. Imamu Nawawi katika Minhaj ameongeza njaa kali, na shibe ipitayo kiasi, na kila hali imharibuyo mtu tabia yake.

Sasa na tutaamali. Kadhi huyu ni mwanachuoni, na ilimu yake haikupungua kwa kughadhibika. Aya ni zile zile alizozihifadhi. Kilichogeuka ni yale ayaonayo. Uso wa mdaiwa huuona ni uso wa mwongo, na shahidi akikohoa humdhania ametaharuki. Ghadhabu haimwambii, "Dhulumu". Lau ingemwambia hivyo angeikataa. Humwambia, "Huyu ndiye mkosa," naye akaitakidi kuwa akili yake ndiyo iliyonena.

Wataalamu wa ilimu ya nafsi wa zama zetu wameyachungua haya. Mwaka 2001 Jennifer Lerner na Dacher Keltner, huko Marekani, walieneza uchunguzi ambao ndani yake wenye khofu waliyakisia mambo ya hatari kuwa makubwa, na wenye ghadhabu wakayaona madogo, hata makisio yao yakakaribiana na ya watu wenye furaha. Hili naliona ni kubwa kuliko yote. Mwenye khofu hutafuta shauri. Mwenye ghadhabu hujiona yu salama, kana kwamba ni bwana arusi.

Wala asidhani mtu kwamba dawa yake ni kuuua moyo. Tabibu Antonio Damasio, katika kitabu alichokitoa mwaka 1994, ameeleza khabari za mtu aliyepasuliwa kwa uvimbe upande wa mbele wa ubongo. Akili yake ya kuhesabu na kukumbuka ilibaki nzima, ila hali za moyo zilimpoa, na maisha yake yakaharibika kwa kushindwa kukata shauri. Na Ghazali alikwisha kusema zamani katika Ihya kwamba aliyekosa ghadhabu kabisa ni mtu aliyepungukiwa, kwani hana kimsukumacho kuihami dini yake wala watu wa nyumbani mwake.

Huenda msomaji akasema, "Mimi si kadhi." Ndugu yangu, kila mume hukumu i mikononi mwake. Kadhi akihukumu kwa ghadhabu amefanya makuruhu, wala hukumu yake haitanguki kwa sababu hiyo. Na talaka ya mwenye ghadhabu katika madhhabu yetu huanguka, wala mume hana udhuru kwa kusema kuwa hasira zilimshika. Najua kwamba Ibnul-Qayyim, naye ni Hanbali, ameandika risala akaigawanya ghadhabu kwa daraja, na zipo ambazo talaka yake haipiti. Lakini si insafu mtu kuikumbuka madhhabu ya Hanbali siku ya talaka tu! Waume wangapi hutujia alfajiri, macho mekundu, wakiuliza, "Je, sheikh, imepita?" Usiku ule walikuwa na yakini kwamba mke ni mbaya tangu alipozaliwa, asubuhi mke ni yule yule, na watoto ni wale wale, na neno limekwisha kutoka.

Basi tiba itakuwa kabla ya neno. Abu Dawud amepokea kwa Abu Dharr kwamba Mtume (s.a.w.) amemwamuru aliyeghadhibika naye amesimama, akae; na isipomtoka, alale. Wamesema wanazuoni kuwa aliyesimama yu tayari kupiga, aliyekaa ni chini yake, na aliyelala yu mbali zaidi. Wala hakuambiwa asione ghadhabu; ameambiwa aanze kwa magoti yake, kabla ya kuutumia ulimi. Wallahu aalam.