Kikapu Kilichofunikwa

Liko swali ambalo yatupasa kulifikiri kwa utulivu. Mtu anunuaye kitu kwa simu, kisha akafuta alama zote ili alichonunua kisijulikane, je, anatenda haki au anatenda hila? Wapo wasemao kwamba asiye na baya hana la kuficha. Neno hilo twalisikia mara nyingi, nasi hatukubaliani nalo.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo. Siku hizi mkazi wa Visiga hana lazima ya kwenda Kariakoo. Huangalia bidhaa katika Instagram au WhatsApp, hutuma fedha kwa simu, na mzigo wake hushushwa na basi kandokando ya Barabara ya Morogoro, au huletwa na bodaboda hadi mlangoni. Hilo ni jema. Lakini ukurasa wa duka ukishafunguliwa, mara nyingi huacha ndani ya simu alama ndogo iitwayo kidakuzi. Alama hiyo ilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, ili duka liweze kukumbuka mteja ameweka nini kikapuni. Baadaye wenye biashara ya matangazo waliona kwamba yaweza kutumika kumfuata mtu kutoka ukurasa hadi ukurasa. Leo nafasi ya tangazo mbele ya macho yako hunadiwa na kuuzwa kwa muda usiofika sekunde moja, kabla hata ukurasa haujamaliza kufunguka.

Sasa tufikiri nyumba zetu zilivyo. Simu moja yaweza kutumiwa na watu wanne. Mama ametafuta dawa ya ugonjwa ambao hajamwambia mtu. Jioni mtoto anaichukua simu ile ile ili afanye zoezi la hesabu, na huenda tangazo la dawa za namna ile likawa linamsubiri. (Matangazo ya nguvu za kiume nayo hayachagui umri; walimu wanalijua hilo.) Hakuna aliyeiba wala aliyesema uongo, lakini siri ya mama imetoka.

Wazee walisema mficha uchi hazai, na wengine huitumia methali hiyo kutufundisha kwamba kila kificho ni kibaya. Lakini mwenye uchungu humfunulia mkunga, hamfunulii kila apitaye njiani. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye duka la dawa. Humwambia mgonjwa bei kwa sauti ya chini, akaitia dawa katika bahasha ya kaki. Hakuna amwitaye mwongo kwa sababu ya bahasha ile.

Twajua upande wa pili pia. Wenye umri wetu twakumbuka mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sukari na sabuni zilikuwa adimu, na mtu aliyerundika magunia ghalani ili auze kwa bei ya kuruka aliwanyima wenzake riziki. Yule alificha kilichokuwa haki ya wengine. Vivyo hivyo baba anayefuta ujumbe wa kamari katika simu yake ili mkewe asijue kwamba karo ya watoto imekwisha, asije akajitetea kwamba na yeye amefunika kikapu. Mkewe ana haki ya kujua. Mwuza matangazo hana haki hiyo, maana hakuna aliyemwahidi kitu.

Tena, daftari la mkopo la mwenye duka twalifahamu. Limeandikwa sukari, mafuta ya taa na kiberiti, na tukitilia shaka twaweza kusema, “Hebu lifungue tuone.” Daftari la siku hizi limeshikwa na mtu tusiyemjua, yuko nchi tusiyoijua, na analisoma yeye peke yake.

Nchi yetu imelitambua jambo hili. Katiba, katika ibara ya 16, inalinda maisha ya mtu ya binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Vijana nao wanajua kufuta vidakuzi na kutumia ile iitwayo hali fiche. Basi na watufundishe sisi wazee. Ila wajue kwamba hali fiche humficha mtu kwa wale anaotumia nao simu, haimfichi kwa wenye kurasa. Mwaka 2024 kampuni ya Google ilikubali kuharibu kumbukumbu nyingi za watu waliodhani wamefichika, baada ya kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020. Kwa kitu cha siri sana, noti mkononi ingali njia bora.

Na sisi kanisani tujitazame. Noti iliyotiwa kikapuni haina jina, lakini sadaka iliyotumwa kwa simu huja na jina la mtoaji na kiasi chake. Bwana wetu alifundisha juu ya sadaka itolewayo kwa siri. Mtunza hazina hana budi kuyaona majina, kwani hesabu zataka hivyo. Lakini orodha ile ikipigwa picha na kutumwa katika kundi la WhatsApp, mjane aliyetoa shilingi mia tano ameonyeshwa kwa watu mia mbili ambao hakuwatolea wao. Twaiomba halmashauri ya kanisa iamue kwamba orodha ibaki katika kitabu cha mtunza hazina, na kila mtoaji apewe stakabadhi yake mwenyewe.